Kidole cha Mwisho cha Mama Mkazo

Jina la Mama Mkazo hakupewa kwa mapenzi. Alibandikwa na wazazi wa watoto wa shule, waliokuwa wakimpelekea watoto apime vifua na urefu wa mikono, kisha wakaondoka na sweta zisizojua kulegea. Ukiivuta sweta ya Mama Mkazo, nayo inakuvuta. Mtoto aliweza kuivua akaifanya goli la mpira, akamfunga nayo mwenzake kiunoni wakacheza farasi, na jioni ikarudi nyumbani ina adabu kuliko yeye. Akikua, anairithi mdogo wake. Mdogo naye akikua, inahamia kwa binamu. Muuza uzi wa sokoni alilalamika kwamba mwanamke yule anamharibia biashara, anafuma vitu visivyoisha.

Mwenyewe naye hakuwa wa kulegea. Mteja akimwambia, "Mama, acha nafasi kidogo, mtoto anakua," alimtazama juu ya miwani akamjibu, "Anakua, havimbi."

Ufundi wake wote ulikuwa kidoleni. Uzi ulitoka kwenye donge lililolala ndani ya bakuli miguuni pake, ukapanda, ukazungushwa mara moja kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ukapita chini ya viwili vya katikati, ukatokea juu ya kidole cha shahada, na hapo ndipo sindano ilipoudaka. Kile kidole kidogo, ambacho wengine tumepewa tuchokolee masikio, kwake ndicho kilichoamua uzi utoke kwa kasi gani. Mumewe, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, alikiita breki. "Msimguse mama yenu breki," aliwaambia watoto wao walipokuwa wadogo, "tutaingia mtaroni sote."

Kazi hiyo aliifanyia kwenye kiti, na hapa inabidi tusimame kidogo, maana kiti chenyewe kina historia yake.

Kilikuwa cha mama mkwe wake. Mbao nzito, mgongo mrefu, na mikono miwili iliyotanuka kama mbawa za kuku anayefunika vifaranga. Mama mkwe alikaa humo akitoa amri mpaka alipofariki, na katika uhai wake hakuna mwingine aliyethubutu kukigusa kwa makalio. Vitu vyake vilipogawanywa, kila kitu kilikwenda kwa amani: masufuria, kitanda, hata kile kipande cha shamba. Ilipofika zamu ya kiti, amani ikaaga ikaondoka. Mama Mkazo alikitaka, na wifi yake, dada wa mumewe, alikitaka.

"Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake," alisema wifi.

"Na mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha wewe ulipokuwa kwako," alisema Mama Mkazo.

Dereva mstaafu alipoombwa aamue kati ya mke na dada, alikumbuka ghafla kwamba ana baiskeli yenye pancha, akatoka. Alipochungulia tena, mkewe alikuwa ameshakaa kitini na amegoma kuinuka. Chai iliungua jikoni, hakuinuka. Watu waliaga wakiondoka, aliwapa mkono akiwa amekaa. Mwishowe wakachoka, na wifi akaenda zake na saa ya ukutani isiyotembea.

Kukiingiza kiti nyumbani kukawa kioja kingine. Mikono ile haikupita mlangoni. Aliitwa fundi seremala, akang'oa fremu ya mlango, na mtaa mzima ukakusanyika kutazama. Wifi alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Kiingizeni taratibu. Siku kitakapotoka, nitakuwepo."

Tangu hapo Mama Mkazo hakuwa na makao mengine. Alikaa dirishani, kiwiko cha kulia juu ya mkono wa kiti, mkono umekunjwa, sindano zinakwenda huku macho yako barabarani kuhakikisha kila apitaye anamwona. Akipumzika, alishika tama kwa mkono huohuo. Akipiga simu, simu ilikaa kwenye mkono huohuo. Kiwiko kilikuwa kimehamia pale na mizigo yake yote.

Mambo yalianza kama sisimizi. Walimtembea kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile jirani yake, hasa asubuhi. Aliwakung'uta, wakaondoka. Kesho yake wakarudi na ndugu zao. Baadaye sisimizi wakaacha kutembea wakalala kabisa, na vidole vikalala nao: ganzi, kama nyama ya mtu mwingine imeshonewa kwake. Halafu vile vidole viwili vikaanza kujikunja kwa ndani kila aliposhika kikombe.

Mumewe ndiye aliyeona kwanza. "Ehe! Umeanza kunywa chai kama marehemu mama."

Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akishika kikombe na vidole vyake viwili vya mwisho vimejikunja kama ndoana. Familia nzima iliamini hayo ni maringo ya kikubwa. Wake za watoto wake waliyaiga mbele ya kioo wakajimwagia chai. Kwa hiyo Mama Mkazo aliposikia maneno ya mumewe hakuogopa hata kidogo. Alivimba kichwa.

"Kiti kinamjua mwenyewe," alisema, akinyanyua kikombe juu zaidi ili ndoana ionekane. "Na mengine yanafuata."

Ni katika siku hizo za kuvimba kichwa ndipo wifi alipokuja. Kwa muda mrefu wawili hao walikuwa wanasalimiana kama majirani wa hospitali, kila mmoja na ugonjwa wake. Safari hii wifi alisimama mlangoni na kujitahidi asikiangalie kiti. Kilimshinda, akakiangalia, akageuza uso.

"Wifi," alisema, "pamoja na yote, hakuna anayefuma kama wewe. Wale wajukuu zangu mapacha wanaanza shule. Nataka sweta mbili, ziwe sawasawa kama wao wenyewe."

Kwa Mama Mkazo hayo yalikuwa maneno matamu kuliko radhi. Alijifunga kibwebwe. Sweta ya kwanza aliifuma vizuri, ingawa uzi ulimponyoka hapa na pale. Wakati wa ya pili, kidole kilikuwa kimelala fofofo. Uzi ulipita juu yake kama maji juu ya jiwe na kisijue. Macho ya Mama Mkazo yalikuwa barabarani kama kawaida, maana mkono wake haukuwahi kuhitaji msimamizi. Vitanzi alivihesabu, vikawa idadi ileile ya sweta ya kwanza, naye ni katika wale wafumaji ambao wakishapata hesabu yao hawapimi. Akazikunja moja juu ya nyingine, akampa mumewe apeleke.

Jibu lilirudi kwa miguu, mchana kweupe.

"Wifi! Wifi, hebu toka uone kazi ya mikono yako!"

Mama Mkazo alitoka. Wifi alikuwa amewashika mapacha, mmoja huku mmoja huku. Wa kulia, sweta ilimkaa kama ganda kwenye ndizi. Wa kushoto ilianza chini ikiwa ya mtoto wa darasa la kwanza, ilipofika kifuani ikawa ya mwalimu wake, na shingoni ungeweza kumtia mtoto na mkoba wake.

"Huyu umemfumia sweta," alisema wifi. "Na huyu umemfumia kinyongo."

"Vitanzi ni vilevile! Hesabu!"

"Basi kinyongo chako nacho unakihesabu."

"Bibi, mimi naipenda," alisema yule wa kushoto, akipiga mikono mirefu ya sweta hewani kama mbawa. "Naingia yote na magoti."

"Nyamaza, wewe umeonewa," alisema bibi yake, na akawaburura wote wawili wakaondoka, mmoja anatembea na mwingine anaruka.

Mama Mkazo hakusubiri hata jua lipoe. Alikwenda moja kwa moja sokoni kwa muuza uzi, na hasira zote alizoshindwa kumpa wifi akampa yeye.

"Umeniuzia uzi unaokua."

"Uzi unaokua?" Muuza uzi alikuwa mzee mpole aliyezoea kugombezwa na wanawake wenye sindano. Aliushika, akaunusa, akauvuta. "Mama Mkazo, huu ni uleule wa siku zote. Hebu nishikie ncha hii, uzungushe kama unavyofanya."

Aliuzungusha kidoleni, akakikunja. Muuza uzi akavuta kidogo tu, kama mtu anayevuta unyuzi kwenye nguo ya jirani.

"Umeachia," alisema.

"Sijaachia."

"Umeachia, mama."

"Nimekwambia sijaachia! Si nimeushika huu?"

"Mama, uzi huu hapa, mkononi mwangu."

Mama Mkazo akatazama chini. Kidole chake kilikuwa bado kimekunjwa kwa bidii zote, kimeshika hewa.

Muuza uzi, ambaye miaka yote hakuwahi kumwona mwanamke yule akikosa neno, aliona aibu kwa niaba yake akaanza kupanga madonge yaliyokwisha kupangwa. Mama Mkazo alirudi nyumbani polepole. Njiani alikuwa akikifinya kidole kwa kucha za mkono wa kushoto, akikifinya kweli, na hakuna aliyelalamika. Breki zilikuwa zimekatika, na huyo ndiye mtu ambaye kitu pekee alichojua kukitoa duniani, ukiacha watoto, ni kitanzi kilichokazwa sawa na mwenzake.

Sasa, mtu mwingine angekwenda hospitali. Yeye alikwenda duka la dawa la pale kona, akanunua bendeji ya kufunga kifundo cha mkono. Aliona ganzi iko mkononi, basi dawa ikae mkononi. Akaifunga kwa mkazo wake mwenyewe, ule wa jina lake, akafuma nayo na kulala nayo. Haukupita muda hata kiganja kikaanza kuwaka moto.

"Umekifunga kama shehena," alisema mumewe.

"Shehena ya baba yako."

"Sikiliza, mama watoto. Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote. Mzigo ukiyumba, hukimbilii kukaza kamba. Unashuka kwanza, unazunguka gari, unaangalia umeyumbia wapi." Na kabla hajajibiwa, alikuwa ameshavaa viatu na kushika funguo za nyumba.

Daktari waliyemkuta hospitali alikuwa binti mdogo mwenye nywele fupi na ulimi ambao Mama Mkazo, moyoni, aliupa alama nzuri.

"Nani amekufunga hivi, mama?"

"Mimi mwenyewe."

"Ungemfunga hivi mbuzi, angekwenda polisi." Akaifungua bendeji, akaitupa kwenye pipa bila kuomba ruhusa. Kisha akamwambia afumbe macho, akampitishia pamba kiganjani, vidoleni, na nyuma ya mkono. "Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Hapo hujagusa."

"Nimegusa, mama. Na hapa nyuma, upande huu wa kidole kidogo?"

"Ukigusa nitakwambia."

Daktari alikaa akamweleza kwa kumwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Kuna mshipa wa fahamu, alisema, unaotoka shingoni ukashuka mkono mzima. Unapita nyuma ya kiwiko, ndani ya mfereji mwembamba karibu kabisa na ngozi, pale pale ambapo ukijigonga mlangoni unaona nyota za mchana. Halafu unashuka mpaka kifundo cha mkono, unapita mlango mwingine mwembamba, ndipo unafika kwenye kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake. Ukibanwa kwenye mlango wowote kati ya hiyo miwili, vidole vinalala.

"Ungebanwa kifundoni peke yake, nyuma ya mkono pangekuwa pazima, kwa sababu tawi la huko linachepuka kabla ya kufika. Kwako hata nyuma pamelala. Kwa hiyo mwizi yuko juu, kiwikoni. Huyu wa kifundoni umemwalika mwenyewe na bendeji yako." Akamgonga taratibu nyuma ya kiwiko. Umeme ukashuka mpaka ukucha, na Mama Mkazo akataja jina la marehemu mama yake.

Daktari akachukua kipande cha karatasi. "Kibane hapa, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Usikunje dole gumba. Nisikichukue."

Alibana. Dole gumba likajikunja lenyewe likitafuta nguvu, na karatasi ikachomoka kama imepakwa sabuni.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafuma."

"Ukifuma unaegemea wapi?"

"Nakaa kitini, kama watu."

Mumewe akakohoa.

"Kiti chenyewe kina mikono?"

"Kina vitu... huku pembeni."

"Daktari," alisema mumewe, "kina mikono ambayo ningeweza kuegesha lori."

"Umeulizwa wewe?"

"Basi mwizi tumempata," alisema daktari. "Mama, usiegemee kiwiko tena popote. Usiukunje mkono kwa muda mrefu. Usiku ukilala, zungushia taulo kiwikoni ukae umenyooka. Kufuma pumzika kwanza, tutaanza kidogo kidogo. Halafu ule mkono wa kiti usahau. Wengi wanapona kwa hayo tu, ila polepole, maana mshipa huu hauna haraka. Lakini ukiendelea kuubana..." Alimshika pale penye nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ambapo palikuwa pameanza kubonyea. "Nyama hii ikishakwisha, tunaweza tukapasua na bado isirudi. Na bila hii, hutafuma."

Walirudi nyumbani, Mama Mkazo amekibeba kiwiko kwa kiganja cha kushoto kama yai.

Aliyatii yote. Taulo alifunga. Simu akahamishia mkono wa kushoto. Sindano akaziweka kwenye mtungi. Kiti tu ndicho kilichomshinda. "Daktari alisema nisiegemee," alisema, "hakusema nisikae." Akaweka mto juu ya mkono wa kiti. Akakaa ameweka mikono mapajani kama mtoto wa picha ya shule, mpaka apite mtu barabarani. Akishageuka kutazama, kiwiko kinarudi kwake chenyewe kama punda anayejua njia ya zizi. Mumewe akaweka kopo la grisi wazi juu ya mkono wa kiti. Siku ya kwanza lilisaidia. Siku ya pili gauni likaingia grisi, na kopo likarushwa nje ya dirisha.

"Si ukitoe tu?" alisema mumewe.

"Nikitoe kipitie wapi? Mlangoni hakipiti. Aje fundi ang'oe fremu tena, mtaa mzima ukusanyike, na yule dada yako asimame pale ng'ambo amekunja mikono? Bora nife ganzi."

"Kikulacho ki kitini mwako," alisema mumewe, akatoka kwenda kuangalia baiskeli.

Kila jioni walipima kwa karatasi. Mumewe alichana ukingo wa gazeti, mkewe akabana, yeye akavuta. Kila jioni karatasi iliondoka na mumewe. Mwanzoni Mama Mkazo alimtuhumu kwamba ameilowesha. Halafu akatuhumu gazeti, kwamba siku hizi wanachapa kwenye karatasi laini. Wakaendelea hivyo, na pale penye nyama pakazidi kubonyea kama unga uliochotwa.

Jioni moja, mumewe alivuta na karatasi ikabaki.

Walitazamana. Mama Mkazo akaangalia dole gumba lake: limekunjwa vilevile. Akaangalia mkono wa mumewe, ule uliozungusha usukani wa malori makubwa, umeishika karatasi kama mtu anayeshika kipepeo.

"Umeniachia," alisema.

"Sijakuachia."

"Umeniachia, baba watoto."

Mumewe akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Hapo ndipo ilipomwingia. Wifi kumwita mwenye kinyongo alivumilia. Muuza uzi kumwonea huruma alivumilia. Lakini mume ambaye katika ndoa yote hiyo hajawahi kumwachia hata kipande cha mwisho cha mkate, leo anamwachia ashinde kama unavyomwachia mtoto au mgonjwa asiye na tumaini! Aliinuka kitini.

"Nenda kwa dada yako," alisema. "Mwambie kesho aje na fundi seremala."

Wifi alikuja amevaa viatu vya kutokea. Fundi seremala alimfuata nyuma na nyundo, tindo na msumeno, na nyuma ya fundi wakaja wale wasiokosekana.

"Nilisema nitakuwepo," alisema wifi akivuka kizingiti.

"Nilikusikia ukisema. Kaa basi, kiti chako hicho. Ninywe nawe chai kabla hakijaenda."

Wifi alikikaribia kama mtu anayeingia ikulu. Kumbe hata yeye maisha yake yote hakuwahi kukikalia: mama yake alikataza, na wifi yake akarithi katazo. Akajiweka sawa, akaegemeza viwiko vyote viwili, akasubiri utukufu. Alisubiri kidogo. Akajisogeza. Akajisogeza tena.

"Mbona kigumu hivi? Mama alikaaje humu?"

Mama Mkazo alikuwa ameleta chai. Akaketi kwenye kigoda, akanyanyua kikombe chake, na vile vidole viwili vikajikunja.

"Wifi," alisema wifi, na uso ukabadilika, "tugombane yote, lakini usimwigize mama mbele yangu."

"Simwigizi. Ndivyo vinavyokaa. Haviniulizi." Akamweleza yote: sisimizi, ganzi, mlango wa kiwikoni, karatasi. "Ile sweta ya mjukuu wako sikuifuma kwa kinyongo. Kidole hakikuwepo kazini, na mimi sikujua."

Wifi aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa kiti. Upande wa kushoto ubao ulikuwa bado na makovu ya seremala. Upande wa kulia ulikuwa umelika, umeng'aa, una kishimo kidogo cha kutosha kiwiko kimoja.

"Mama alikuwa anaangusha vikombe," alisema taratibu.

"Akasema tumevipaka mafuta."

"Na vifungo! Mwishoni alikuwa ananiita nimfunge vifungo vya blauzi. Nikamwambia, 'Mama, unadeka.' Wifi, nilimwambia anadeka."

"Na ufunguo wa kabati. Alisema mimi nimeuharibu."

"Na sisi tukasema maringo."

"Mimi niliyafanyia mazoezi," alisema Mama Mkazo. "Kwenye kioo. Nikaunguza paja."

Wifi alimtazama, akabana midomo, ikashindikana. Kicheko kikamtoka puani pamoja na chai, na Mama Mkazo naye akashikwa, wakacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukatika pale kicheko kilipokatika. Walimlilia marehemu: mwanamke mzima amekaa katikati ya nyumba iliyojaa watu, anapoteza mkono wake kidogo kidogo, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali na vidole vilimpendeza.

"Sasa wewe ndiyo unanipa kiti kilichomla mama yangu kidole," alisema wifi akijifuta.

"Si ulikitaka?"

"Nilikitaka kabla hatujafahamiana."

"Samahani, mama zangu," alisema fundi seremala kutoka mlangoni. "Niung'oe mlango au nisiung'oe? Watu wamesimama juani."

Wifi alipitisha kiganja kwenye kile kishimo. "Mgongo wake hauna kosa," alisema. "Wala miguu. Wenye kosa ni hawa wawili." Kisha akamtazama mwenzake, maana kwa siku ile kiti kilikuwa bado hakijavuka kizingiti, na neno lilikuwa la mwenye nyumba.

"Kata mikono," alisema Mama Mkazo.

Fundi akashtuka. "Mama, mbao hii siku hizi haipatikani. Nikikata, hairudi."

"Na kidole changu je, unacho kingine dukani kwako? Kata."

Akakata. Watu wa nje waliokuja kuona mlango ukibomolewa waliambulia vumbi la msumeno. Na kiti kilipobaki bila mbawa zake kikanyanyuliwa, kikapita mlangoni kwa ubavu, bila kugusa hata rangi. Tangu siku hiyo kimekuwa hakina kwao. Mwezi huu kiko kwa wifi, mwezi ujao kwa Mama Mkazo, na dereva mstaafu ndiye anayekibeba mgongoni kati ya nyumba mbili, akinung'unika kwamba amestaafu kazi ya mizigo kwa jina tu.

Mshipa nao ulirudi kama alivyosema daktari, bila haraka. Sisimizi walitangulia, na safari hii Mama Mkazo aliwapokea kama wageni. Nyama ikaacha kubonyea. Jioni moja karatasi ilikatika katikati, nusu kwa mume na nusu kwa mke, na mume akaapa kwa usukani wake wote kwamba alivuta kweli. Kwenye ncha ya kidole kulibaki kiganzi kidogo, ambacho hakijaondoka mpaka leo. Daktari akamruhusu kufuma, kidogo kidogo, viwiko hewani.

Kazi ya kwanza ikawa kumlipa wifi fadhila: kuifumua ile sweta ya kinyongo na kuifuma upya. Lakini pacha mwenyewe aligoma kuivua. Alikuwa anajifunika nayo, anaficha maandazi ndani yake, na darasani ndiye pekee aliyeweza kuingiza magoti. Yule mwingine, wa sweta iliyokaa sawa, akaona wivu akalia wiki nzima.

"Fuma nyingine kama ile, wifi," alisema bibi yao, akiwa amekaa kwenye kiti kisicho na mikono, viganja mapajani. "Ya kinyongo."

Mama Mkazo akazungusha uzi kidoleni akajaribu kuulegeza. Alipomaliza mgongo akaupima, maana siku hizi anapima. Ulimtosha mwanasesere. Akafumua. Akajilazimisha kufikiria mambo ya uvivu, akaangalia dirishani, akaimba. Ikatoka ngumu kama mkeka.

"Wifi, si ulegeze tu?"

"Nalegeza!"

"Hulegezi."

"Nimekwambia nalegeza, kidole ndicho kinachokataa!"

Wifi akachukua ncha ya uzi akavuta. Kidole kikavuta upande wake. Wakashindana hivyo, wanawake wawili wazima na uzi mmoja, hadi donge likaruka kutoka kwenye bakuli likabingirika mpaka nje ya mlango, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuachia ili alifuate.